Loku, Hai Malakal

Buluk, Juba
6 Machi 1977

Mdogo wangu Santina,

Nimefika salama. Nimepata pa kulala, chumba cha nyuma kwa binamu wa marehemu baba. Kazi pia nimepata: karani wa ghala bandarini, kwa mfanyabiashara mmoja wa mbao na mtama. Siku ya kwanza alikichukua kibali changu cha safari akakifungia mezani kwake, akasema ni kwa usalama wangu. Kwa hiyo usiniulize nitarudi Kampala lini. Muulize yeye.

Sasa lile tulilokubaliana. Kumtafuta kaka Loku nimeanza. Kanisani walitangaza jina lake, hakuna aliyenyoosha mkono. Katika ofisi ya watu waliorudi kutoka uhamishoni karani akanicheka: "Loku? Loku hapa wanajaza uwanja wa mpira, ndugu yangu. Wewe wataka wa namba gani?"

Ndipo jana nikaandika katika shajara yangu hivi, nakunakilia: "Kaka ana kitu kimoja ambacho Loku mwingine hana, nacho ni santuri yake. Mtu aliyepata kuimba kwenye santuri hawezi kupita duka la santuri bila kuingia kuuliza kama ipo. Nitafute maduka, si mtu."

Nitakwenda kwa utaratibu. Nitaanzia soko kubwa nikishuka kuelekea mtoni, duka moja kila jioni nikitoka kazini, na kila mahali nitauliza wimbo wa kaka, "Kiden, Usifunge Mlango".

La kwanza nimekwisha kuliona. Ni la mzee mmoja kutoka Omdurman huko kaskazini, mbele vitambaa, nyuma santuri. Anazo nyingi, zote za nyimbo za Kiarabu, za udi na fidla, na amezipanga kwa uzuri wa sauti, si kwa majina. Nilipotaja wimbo wetu akanitazama kwa huruma. "Kiswahili? Kwa Kiswahili watu huimba nini? Bei ya ndizi?" Lakini alinipa chai, na akanipigia upande mzima wa santuri yake moja bila kunitaka ninunue. Sikuelewa neno, na nilitoka macho yakiniwasha.

Mwambie mama natafuta. Mwambie pia afunge mlango. Najua hatafunga, lakini mwambie.

Kaka yako,
Romano


Naguru, Kampala
29 Machi 1977

Kaka Romano,

Barua yako ameileta Soro, yule dereva wa lori. Amekula hapa, amelala kitini, ameondoka bila kuaga. Nimempenda.

Nimemwambia mama afunge mlango. Amenijibu yale yale: "Mwanangu aliniomba kwa santuri, Uganda nzima ikisikia. Nimfungie leo nimwambie nini?" Unakumbuka watu walivyodhani Kiden si mama bali ni mchumba wa kaka? Mama bado anacheka akikumbuka wasichana wa Arua walivyogombana, kila mmoja akisema Kiden ni yeye. Kisha anaacha kucheka, anasogeza kiti chake pale pale, mkabala na mlango, na mlango uko wazi.

Mambo ya huku unayajua, sitayaandika. Hili moja tu. Wiki iliyopita watu wenye bunduki walivunja nyumba ya jirani. Kwetu hawakuhitaji kuvunja. Mmoja alisukuma kidogo, akamkuta mama amekaa akimtazama. Akasema, "Mama, mbona hufungi?" Mama akamwambia, "Wewe siye. Nenda." Akaenda. Mimi nilikuwa chini ya kitanda, Romano, mwanamke wa miaka ishirini na sita, na kanga nimejitia mdomoni.

Hospitali waliniandikia tena kuhusu mafunzo ya uuguzi. Nimewajibu tena kwamba siwezi kulala bwenini. Hawataandika mara ya tatu. Siwezi kumwacha katika nyumba iliyo wazi, na hawezi kutoka katika nyumba ambayo Loku anaijua. Jirani zetu wote Wasudani wamekwisha kuondoka. Mtafute kaka. Awe mzima au awe vinginevyo, mtafute, tupate kuhama.

Mama anakusalimu. Anasema ukienda katika maduka hayo usijaribu kuwaimbia wimbo, watakufukuza. "Romano ana sauti ya karani." Nimeandika kama alivyosema.

Mdogo wako,
Santina


Buluk, Juba
17 Aprili 1977

Mdogo wangu Santina,

Mwambie mama kwamba kwenye kwaya padri alinitaka nichezeshe midomo tu, kwa hiyo sijasahau.

Nimeendelea na maduka. La pili ni la Emilio, fundi redio, hapa hapa Buluk. Santuri zake zote ni za watu waliorudi kutoka Uganda wakazileta bila kuwa na cha kuzipigia. Joto la safari limezipinda, naye huziweka katikati ya vioo viwili vya dirisha, huzianika juani kisha huzihamishia kivulini chini ya mawe, na zinanyooka. Masharti yake ni magumu: unasikilizishwa nusu ya upande. Ukitaka kujua wimbo unaishaje, nunua. Nilimwuliza kama wimbo wetu anao. Akasema, "Mimi nawajua Kiden watano, na hakuna anayefunga mlango." Wateja wakacheka. Nikacheka nao, kisha nikaona aibu, maana yule wanayemcheka ni mama.

La tatu ni la Fortunato, kule mtaa wa Konyokonyo. Huyu huuza za Zaire, zinapita mpakani Aba kwa baiskeli. Huzitunga kwenye kamba kupitia tundu la katikati, kama samaki. Zikipinda kabisa hanyooshi hata moja. Huzichovya maji ya moto, anazibonyeza ziwe bakuli, anawauzia wanawake wa karanga. Nimekula karanga ndani ya bakuli lenye jina la bendi nzima kwenye kitako. Nilimshutumu, akanijibu, "Malesh, ya akuy, pole ndugu. Ikikataa kuimba, ilishe watu."

Nilipita mchana mzima nikisoma vitako vya mabakuli ya akina mama wa karanga. Usicheke. Niliogopa kumwona kaka humo.

Lakini Fortunato ndiye wa kwanza aliyesimama kufikiri. Aliimba kidogo kwa pua, na ilikuwa ndiyo, Santina, ule mpando wa pale kwenye "miguu yangu iko njiani". Akasema aliusikia karibu na bandari, kwa Gune, ambaye hununua santuri kwa abiria wa meli. Sasa fikiri: mimi hufanya kazi bandarini. Duka la Gune liko nyuma ya ghala letu. Nimekuwa nikishuka kuelekea mtoni kwa utaratibu wangu, na lile nililolikalia kila siku nimeliacha la mwisho.

Leo ni Jumapili, amefunga. Barua hii itangoja lori la Soro.

Romano


TELEGRAMU
JUBA 20 APRILI 1977
SANTINA NAGURU KAMPALA
LOKU HAI MALAKAL BARUA INAFUATA ROMANO


Naguru, Kampala
24 Aprili 1977

Kaka Romano,

Naandika haraka, utanisamehe mwandiko.

Telegramu ililetwa wakati mama anachambua maharage. Nilimsomea kama ilivyo. Loku hai, Malakal. Alisema, "Rudia." Nikarudia. Akasimama, maharage yote chini, akaenda akakishika kizingiti kama mtu anayepima. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea kabisa: "Basi. Kama yeye amefika mahali, sina haja ya kumngojea hapa. Twende kwake."

Romano, kwa miaka saba nimesukuma mlima kwa bega, na neno moja lako limeuhamisha.

Ameuza kitanda. Amegawa sufuria. Cherehani anataka kuja nayo. Jana alipita nyumba kwa nyumba akiaga, hata kwa wale wasiomsalimu, akiwaambia mwanawe yu hai. Aliimba njiani. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akiimba.

Nimeuliza, nimeambiwa Malakal iko mbali sana ukishuka na Mto Nile, mtu anakwenda kwa meli kutoka Juba. Siku ngapi? Kaka anafanya nini huko? Amekuandikia? Barua uliyosema inafuata haijafika, wala Soro hajaonekana. Tunamngoja huyo huyo atupakie.

Santina


Buluk, Juba
22 Aprili 1977
(Imefika Kampala kwa mkono wa Soro, 3 Mei, pamoja na ile ya 17 Aprili)

Mdogo wangu Santina,

Kaa chini kabla hujaendelea. Mama asiwe karibu.

Juzi nilikwenda kwa Gune. Hakuwepo, alikuwepo mkewe Goretti. Santuri zao husimama wima katika masanduku ya sabuni, na Gune ana utaratibu wake: kila anayemwuzia santuri, huandika jina na mtaa wake kwenye karatasi ya katikati, ili ikiwa ni ya wizi, polisi wasimshike yeye. Goretti akafungua sanduku la tatu, akaivuta. Ni yenyewe. Pale katikati, kwa wino: "Loku. Hai Malakal."

Nikamwuliza, "Mama, mtu huyu umemwona?" Akasema, "Mimi sijui watu, ndugu yangu. Najua masanduku."

Posta ilikuwa inakaribia kufunga. Mimi ambaye hukagua gunia moja mara mbili, siku hiyo nilikimbia. Nilinakili maneno kama yalivyoandikwa, na karani wa posta hakuweka nukta. Ni leo tu, nikiandika shajara, ndipo nilipoyasoma kwa sikio la Kampala. Santina, hapa "hai" ni Kiarabu, ni mtaa. Hai Malakal ni mtaa wa Juba, dakika chache kwa miguu kutoka ninapolala. Miezi miwili tu, na sikio langu limekwisha kuhamia huku likaniacha nyuma. Naomba Mungu ninyi mmekwisha kuuliza mtu anayeijua Juba.

Jana nilikwenda Hai Malakal. Ni nyumba ndogo ya udongo, na imetundikwa mlango wa mti mzito, mzito kuliko nyumba yenyewe. Akanifungulia mwanamke anayeitwa Victoria, mtu wa Yei, anauza chai. Nilipomtajia Loku aliketi pale pale kwenye vumbi. Kaka yetu alifariki mvua za mwaka sabini na nne, kwa homa. Amezikwa nyuma ya kanisa. Nimeliona kaburi, nimeng'oa majani.

Alikuja hapa kutoka Zaire baada ya bendi yake kuvunjika, akamwoa Victoria. Nilimwuliza Victoria kwa nini hakututumia hata salamu. Akasema, kwa Kiswahili chake: "Huyu mtu ilikuwa nasema mlango tu. Asubuhi mlango, jioni mlango. Mimi namwambia, Loku, watu ya hapa natundika turubai. Yeye nasema hapana, mama yangu nitaiita kwa mlango yangu, siyo kwa mdomo." Aliutundika. Wiki iliyofuata akaugua.

Telegramu ya pili sikupeleka, maana mama angesomewa kifo mlangoni. Sijui utamwambia kwa maneno gani. Ningekuja mwenyewe, nilimwomba bwana wangu kibali, akauliza nani atahesabu mtama.

Romano


Naguru, Kampala
5 Mei 1977

Kaka Romano,

Nimesoma barua yako chooni, mahali pekee penye komeo katika nyumba hii.

Sijamwambia.

Ngoja kabla hujakasirika. Jana alfajiri alikuwa amekwisha kuvaa, amekaa juu ya mzigo, anauliza kama Soro ameshaamka. Nikimwambia leo, atafungua ule mzigo, atarudisha kiti mkabala na mlango, na safari hii atakaa kuomboleza hapo hapo, maana ndipo Loku alipomwachia neno. Hatatoka tena, Romano, na mimi sitatoka. Jirani wa pili alichukuliwa juzi. Hakurudi.

Wewe hukudanganya. Uliandika jina la mtaa. Mimi nilisoma kwa Kiswahili changu. Hilo neno ndilo gari pekee tulilo nalo, acha litufikishe mpakani Nimule. Tukivuka, tukifika mlangoni kwa Victoria, tutamwambia pamoja, wewe mkono huu na mimi mkono huu. Hilo nakuahidi.

Soro anaondoka mwisho wa mwezi, ana mzigo wa kungojea. Anajua yote. Nilimwambia, akasema, "Mimi napakia watu. Habari zao sizipakii."

Usiniandikie kitu ambacho mama anaweza kutaka asomewe.

Santina


Hai Malakal, Juba
24 Mei 1977
(Imeachwa kwa Victoria)

Mdogo wangu Santina,

Unasoma hii ukiwa umefika, na mimi sipo. Sijakimbia.

Nilikuwa nimeandika kurasa tatu kukukatalia. Kumdanganya mama mzazi hata kwa umbali wa mpaka mmoja, sikuweza kuona njia ya kulala nalo. Kisha nikafikiri habari ya jirani wa pili, nikazichana.

Jana bwana wangu ameniita. Tishali la mtama limekwama bila karani, na mimi lazima niende nalo kupokea mzigo. Unajua ni wapi? Malakal. Malakal yenyewe, Santina. Nilimwambia mama yangu anakuja. Akapiga droo ya meza kwa kidole, pale kilipo kibali changu, akasema nikirudi tutazungumza. Tunaondoka kesho asubuhi.

Ahadi ilikuwa mkono huu na mkono huu. Sasa ni wako peke yako. Mwambie siku ile ile ya kufika, usingoje hata chai. Victoria atakusaidia, ni mtu mwema, ila usimwache apike, hutia chumvi kama anayehifadhi samaki.

Romano


Hai Malakal, Juba
9 Juni 1977

Kaka Romano,

Sikuweza, na nitakuambia kwa nini.

Tulifika jioni ya tarehe tatu, weupe kwa vumbi kama wachawi. Mama alishuka kwenye lori bila kushikwa. Neno lake la kwanza kwa Victoria, ambaye njiani nilimwambia ni mke wa kaka, kabla ya salamu: "Romano yuko wapi?" Victoria, masikini, akajibu ukweli: "Romano amekwenda Malakal."

Ungemwona uso. Aligeuka akanitazama, akasema polepole, "Amekwenda kumleta." Nikageuka kushusha mizigo. Victoria akaanza kulia, mama akamkumbatia, akamwambia, "Usilie, mke wa mwanangu, watakuja wote wawili."

Tangu hapo kiti chake kiko mkabala na mlango. Mlango wa Loku, Romano. Anaupapasa, anausifu, anasema fundi aliyeuranda alikuwa na subira. Na uko wazi mchana na usiku, mbuzi wa mtaa mzima wanaingia. Nimevuka mpaka, nimevuka mto, nimefika nyumba ile ile.

Hospitali ya hapa wanataka wanafunzi wa uuguzi. Nimefanya mahojiano, wamenipokea. Naanza Jumatatu ya nne ya mwezi. Mama alifurahi. "Nenda. Mimi sitakuwa peke yangu, wanangu wawili wako majini wanakuja."

Utashuka kwenye tishali peke yako, na yeye atakuwa anatazama nyuma yako. Rudi kabla hilo halijakomaa. Au niandikie neno la kumwambia, mimi yangu yamekwisha.

Santina


Ndani ya tishali, kati ya Bor na Malakal
13 Juni 1977

Mdogo wangu Santina,

Barua yako ilinipata kwa mashua nyembamba ya posta, inayopenya pasipopita tishali; hiyo hiyo inachukua hii ikirudi.

Hatusogei. Mafunjo yamejifunga mbele na nyuma, na magugu ya maji yameziba pale tulipopitia. Nahodha anangoja upepo uyasukume. Pande zote ni kijani, kirefu kuliko mtu, na hakuna hata mahali pa kusimama. Shajara yangu ya wiki hii ina neno moja kila siku: "Hapa."

Nimeambatisha karatasi ya pili kwa mama. Nimeandika kwa Kiswahili chepesi, hakuna neno linaloweza kusomwa mara mbili. Inasema Loku amefariki, lini, wapi, na kwamba kosa la telegramu ni langu. Msomee. Akilia, mshike. Akinilaani, usinitetee.

Romano


Hai Malakal, Juba
7 Julai 1977

Kaka Romano,

Karatasi yako ilifika ikiwa imelowa, na imechelewa siku moja. Nitakueleza kama mambo yalivyokwenda.

Mama alichoka kukaa. Akasema anataka kuona hilo duka ulikopata habari za kaka. Nilijaribu kumzuia, Victoria alijaribu, ikawa kama tunamshawishi mtoto asiende sikukuu. Nikajiambia, atasikia wimbo, utampoza.

Gune mwenyewe alikuwepo. Mtu mnene, mcheshi, anafuta santuri kwa tumbo la shati. Mama akamwambia, "Baba, naomba wimbo wa Kiden." Gune akasema, "Wewe ndiye Kiden?" kwa utani tu. Mama akasema, "Ndiyo mimi." Gune akacheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka, akainuka akampa kiti chake.

Akaupiga. Sauti ya kaka ilitoka pale, Romano, changa kabisa. Mama alisikiliza mikono mapajani, upande wote, mpaka sindano ikaanza kukwaruza. Na Gune, kwa kumfurahisha, kama muuza duka anavyosifu bidhaa, akasema: "Marehemu alikuwa mtu wa masihara sana. Nilimwambia, ndugu, mtu hauzi sauti yake mwenyewe. Akasema, nipe tu nikanunue bawaba, mlango wangu umelala chini kama mlevi."

Mama hakushtuka. Alimwuliza jambo moja tu: "Bawaba ngapi?"

Gune akasema, "Tatu, mama."

Tukarudi nyumbani kwa miguu. Hakutaka kushikwa. Karibu na nyumba akaniuliza, "Mtaa huu waliuitaje?" Nikamwambia. Akasema, "Hai," akalionja neno. "Jina zuri kwa mtaa."

Alipofika mlangoni alizigusa zile bawaba, ya juu, ya kati, ya chini. Akaingia. Nami nikaingia nyuma yake. Victoria alikuwa bado nje anaondoa sufuria motoni. Mama akasema, "Aliyeniomba nisifunge amekwisha," akausukuma. Mlango ule hauna kelele hata kidogo, kaka aliutundika vizuri. Akatia komeo, akavua kitambaa cha kichwa, akakifunga kwenye komeo kwa mafundo, akakalia kiti chake mkabala nao kama kawaida.

Hiyo ilikuwa Ijumaa ya tarehe ishirini na nne. Leo ni Alhamisi ya pili, na hajaufungua. Si kwa Victoria, ambaye nyumba ni yake na analala kwa jirani. Si kwa padri. Mimi nikiugusa anasema, "Santina," basi, kwa sauti ya chini, nami naurudisha mkono. Uji unapita dirishani. Dirisha unalijua, linapitisha bakuli, halipitishi mtu. Miaka saba nilimwomba Mungu mama afunge mlango. Jumatatu yangu ya hospitali niliisikia ikipita nje.

Karatasi yako nilimsomea siku ilipoingia dirishani. Alisikiliza. Akasema, "Romano huandika vizuri." Hakukulaani.

Gune anajuta kupita kiasi. Alikuja na gramafoni na betri zake, akaiweka chini ya dirisha, akaupiga wimbo tukidhani utamvuta. Mama hata hakugeuka. Akasema, "Hiyo santuri. Santuri haina miguu." Victoria akajaribu kuufuata kwa mdomo, lakini maneno hayajui, akakwama pale pale kwenye mpando. Hapo ndipo mama alipoinuka, Romano. Aliinuka nusu, mkono ukaenda kwenye kitambaa. Alipoona sauti imekatika akakaa tena.

Nasikia meli mbili zimepita salama, kwa hiyo mafunjo yamefunguka na wewe uko njiani. Barua hii nampa Victoria kupitia dirishani, akaitie kwenye meli ya kwanza inayoshuka, ikukute popote.

Ukifika usipige hodi. Hodi zote zimepigwa, hafungui. Simama mlangoni, upande wa bawaba, na uimbe tangu mwanzo mpaka mwisho. Mimi niko ndani, na anayengojwa hutoka nje. Najua huna sauti. Imba hivyo hivyo.

Mdogo wako,
Santina